Fundi Randa na Kiti cha Jukwaani

Fundi Randa hakuwahi kumkabidhi mtu kiti ambacho hajakikalia mwenyewe. Ndivyo alivyofunzwa na mjomba wake, aliyemlea na kumtia randa mkononi: kiti hakimalizwi na msasa, kinamalizwa na makalio ya fundi. Basi kila alipokamilisha kiti alikaa kwa uzito wake wote, akaegemea, akajitikisa kushoto na kulia, akatega sikio. Kikilia, hata kidogo, alikibomoa. Jina alilopewa na wazazi wake watu walilisahau zamani, naye hakulidai.

Wakati wa wakoloni aliajiriwa kwenye karakana ya serikali, akitengeneza viti vya klabu ambayo mlango wake aliujua kwa nje tu. Msimamizi, mzungu mwenye shingo nyekundu na mdomo usio na breki, alitoa amri: hakuna mtu mweusi kukalia samani za wakubwa. Viti vijaribiwe kwa mfuko wa mchanga. Wenzake waliitikia ndiyo bwana, wakaenda kuchota mchanga. Yeye akakaa. Akatukanwa. Akakaa tena, akachapwa. Siku kilipokamilika kiti cha gavana, kipana, chenye mikono ya kuchongwa, msimamizi alisimama mlangoni kumchunga, na Fundi Randa akakaa mbele ya macho yake, akakunja nne. Alipoamriwa ainuke, alijibu kwa upole kwamba bado anakisikiliza.

Alifungwa kwa kosa la dharau. Alivunja kokoto mpaka kucha zikang'oka, huku mkewe akiuza kuni ili watoto wale. Watu wenye busara zao walimcheka: mtu mzima mzima kwenda jela kwa ajili ya makalio! Mkewe hakucheka. Fundi alipotoka jela alimkuta amemsafishia kibanda nyuma ya nyumba, na msumeno wa kuazima umeegemezwa ukutani.

Kibanda hicho ndicho kilichokuja kuwa ukumbi wa mikutano ya kudai uhuru. Kazi ya Fundi ilikuwa kukata mbao kwa kelele kila askari alipopita, ili maneno ya ndani yasisikike nje. Na askari walipita sana miaka ile. Kuna mbao zilikatwa na kukatwa tena mpaka zikafaa kuchokolea meno tu, na hasara yote ikamwangukia yeye. Hakulalamika.

Hatimaye wakoloni walinyoosha mikono, tarehe ikatangazwa, na kila kona watu wakawa wanapaka rangi. Kamati ya sherehe ilimpa Fundi Randa kazi ya kiti cha jukwaani, ambacho angekalia kiongozi mpya siku ya kupandisha bendera. Aliyeleta habari alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, karani aliyepata cheo kwenye kamati na suti ya kwendana nacho. Fundi alichagua mvule uliokauka vizuri, akachonga, akagonga, akapiga msasa hadi mbao ikawa laini kama shavu la mtoto. Alifanya kazi hiyo akiimba, na sauti ya kuimbia hakuwa nayo.

Kiti kilipelekwa uwanjani asubuhi, siku moja kabla ya sherehe. Wanawake walikuwa wakifagia, mkewe akiwa miongoni mwao, na mafundi wa turubai walikuwa wakifunga kamba. Fundi alikiweka kiti mahali pake jukwaani, akakisawazisha, akageuka ili akae. Shemeji yake akamdaka mkono.

"Hapana, shemeji. Hicho sasa ni kiti cha kiongozi, si cha kila mtu." Akaonyesha pembeni, ilipolala mifuko ya kushikilia kamba za turubai. "Ukitaka kukijaribu, weka mfuko wa mchanga."

Fundi Randa akaitazama mifuko ile. Maneno yale yale, na safari hii yametoka kwa kijana aliyekula na kulala nyumbani kwake. Shemeji akaendelea kwa sauti ya chini kwamba asimwaibishe mbele ya kamati. Akikaa, kadi yake ya kuketi na waalikwa itachanwa, na ile karakana ya serikali aliyoahidiwa kuisimamia atapewa mtu mwingine. Mambo hayo hayakuwa madogo. Mkewe alikuwa ameshashonesha gauni la siku hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuazima misumeno.

Akakaa.

Alikaa kwa uzito wake wote, akaegemea, akajitikisa. Shemeji akamwita askari. Askari akaja, akasimama, asijue ashike nini.

"Nilifungwa kwa sababu nilikaa," Fundi akasema, bila kupandisha sauti. "Leo nikisimama kwa sababu umeniambia wewe, basi nilifungwa bure. Chana kadi."

Kadi ikachanwa. Fundi hakuinuka mpaka aliporidhika kwamba kiti hakilii. Kisha akamwita mkewe. Mama huyo alipanda jukwaani na ufagio wake, akamtazama ndugu yake kuanzia viatu hadi tai, akamwambia, "Mdogo wangu, nipishe," akakaa. Baada yake akapanda mfagiaji mwingine, kisha fundi wa turubai, hadi ikawa foleni, na kila aliyekaa alishuka akitembea kwa madaha. Shemeji alifungua mdomo ili amwite tena askari, akaona askari mwenyewe ameshajipanga kwenye foleni.

Kesho yake Fundi Randa na mkewe walisimama juani, nyuma kabisa, wakibanwa na umati. Bendera ya mkoloni iliposhuka alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na ya kwao ilipopanda alilia hadharani bila kujifuta. Karakana ilikuwa imeshakwenda kwa mtu mwingine, na alijua hivyo. Hotuba ikaisha, kiongozi akarudi akakaa, akaegemea. Mkewe akamgusa mumewe kwa kiwiko.

"Baba watoto, yule bwana amekalia kiti changu."

"Mwache akae," Fundi akasema. "Ila asizoee."