Kompyuta Zilizovishwa Vitambaa

Shuleni kwetu Sindeni mgeni akija, vitu vinavaa. Sakafu inadekiwa, maua yanamwagiliwa, na kompyuta zetu zinafunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Mgeni anachungulia, anasifu usafi, anakula pilau, anaondoka. Mimi mwalimu wa kompyuta nabaki na mashine ambazo haiwaki hata moja.

Nilishaomba fundi mpaka nikachoka kuisikia sauti yangu mwenyewe. Mkuu wa shule alipeleka maombi yangu wilayani, jibu likawa lile lile: vifaa vyenu vizuri, tuliviona. Waliona nini? Vitambaa! Na kidato cha nne wangu, watoto wa wakulima na wafugaji, walikuwa wanaukaribia mtihani wa vitendo huku kipanya wanakijua kwa picha niliyochora ubaoni. Iliniuma, jamani.

Siku mgeni wa wilayani alipokuja tena, niliwahi asubuhi nikavitoa vitambaa vyote, nikavifungia kabatini, ufunguo nikautia mfukoni. Mkuu alipoingia akaniuliza kama nataka kumwaibisha. Nilimwamkia kwanza, maana ni mtu mzima, shikamoo yake haipungui. Kisha nikamwambia, "Mkuu, mficha uchi hazai."

Akanitazama, akacheka bila kupenda, akaenda kumpokea mgeni.

Mgeni akaja, akabonyeza swichi ya kompyuta ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Akauliza zimeharibika lini. Mdomo wangu hauna breki.

"Ulipokuja mara ya kwanza zilikuwa hivi hivi, mzee. Tulizifunika kwa sababu wewe ni mgeni."

Hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa, akataka nimweleze kila moja ina ugonjwa gani. Pilau ikapoa. Haukupita muda mrefu fundi akaja kutoka Korogwe na boksi lake la vifaa, na badala ya zile zilizomshinda tukaletewa mpya. Tulifanya mazoezi kila siku, hata Jumamosi, wanafunzi wakigombania viti.

Siku ya mtihani mwalimu wa somo haruhusiwi kusogea, basi nikakaa barazani kwa walimu, sina raha. Upepo ulipotulia nikasikia kibodi zinagongwa, za chumba kizima kwa pamoja. Mwalimu mwenzangu akaniuliza nalia nini.

Nikamwambia, "Wasikilize hao. Hao ni wangu."