Mama Usiguse na Chupa Iliyozidi

Saa moja kasorobo asubuhi, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha bluu kichwani anainama mbele ya mlango wa maabara na kuweka pua kwenye tundu la ufunguo. Hafungui. Hawashi taa. Ananusa tu, macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua chumba cha pili.

Nyuma yake uwanja wa shule ni mtupu. Ndani, bomba moja linadondosha tone, linanyamaza, halafu linadondosha tena.

"Leo wamelala vizuri," anasema, na hapo ndipo ufunguo unapozunguka.

Hao waliolala si watu. Ni chupa mia mbili na kumi na mbili za kemikali, na mama huyu wa miaka hamsini na minane ndiye mtunza maabara wa sekondari hii. Ana miaka ishirini na miwili kazini, na hajawahi kuuvuka mlango huu bila kuunusa kwanza. Wanafunzi wanamwita Mama Usiguse.

"Jina nilipewa na kidato cha pili kimoja cha zamani," anasema huku akicheka. "Siku hizi wao ni wazazi, na watoto wao wananiita hivyo hivyo. Hata mawifi zangu wamelidaka."

Ndani anafungua madirisha kwanza, kisha kabati la kushoto. Rafu ya chini imefunikwa vumbi jeupe, laini kama majivu, ingawa hakuna aliyewasha moto humo. Jana jioni aliipangusa. Leo vumbi limerudi.

"Hizi mbili zinazungumza," anasema, akionyesha chupa ya amonia na ya asidi ya chumvi, kila moja kwenye ncha yake ya rafu. "Vifuniko vimebana, lakini pumzi zao zinatoka kidogo kidogo, zinakutana hapa katikati, zinaacha majivu. Nimeomba kabati la pili niwaachanishe. Naambiwa subiri. Basi nasubiri, na wao wanaongea."

Anazipangusa tena, kisha anaanza kuita. Naam, kuita, kama mwalimu wa zamu na daftari lake. Kila chupa ina namba, na kila namba inaguswa kwa ncha ya kalamu. Maabara nzima inasikika sauti yake tu, na lile tone la bombani.

Saa mbili kidato cha tatu wanapanga mstari nje. Kwa Mama Usiguse hakuna anayeingia kabla ya kitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Naingia bila kubisha, natoka bila kuaga, nikikupitia puani unalala."

Binti mmoja mrefu nyuma anapaza sauti: "Usingizi!"

"Usingizi gani unapitia puani, wewe? Labda ule wako wa kipindi cha hesabu. Haya, nipeni mji."

Wanampa mji, anakwenda, anakula, anashiba, anarudi na jibu: gesi. "Ndiyo maana lile dirisha halifungwi hata mvua ikinyesha," anawaambia. "Atakayelifunga atakuwa ametulaza wote."

Wanafunzi ni arobaini na wawili. Miwani ya kinga ni ishirini na moja. Mmoja akifanya kazi, mwenzake anasimama nyuma ya mstari mweupe aliouchora mama mwenyewe sakafuni, halafu wanapokezana. Mchanga wa kuzimia moto upo ndoo moja. Jozi tatu kati ya sita za glavu amezishona mumewe, ambaye ni fundi cherehani.

Mume huyo ana malalamiko yake. "Nyumbani kwetu kila kopo lina karatasi," anasema. "Chumvi, sukari, unga wa kufulia. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda? Thubutu! Siku moja nikamtania, mke wangu, nyumba nzima ina majina isipokuwa mimi. Kesho yake navaa kofia, watu wanacheka njia nzima. Kumbe kanibandikia: Itunzwe mbali na moto."

Lakini anapoulizwa kuhusu Jumatatu ile ya mwaka jana, fundi anaacha cherehani. "Hiyo muulize mwenyewe," anasema.

Ilikuwa wiki ya mitihani ya vitendo. Wakati wa likizo shule ilipakwa rangi, makabati yakasogezwa na kurudishwa. Jumatatu asubuhi mama alinusa mlango, akafungua, akaita daftari. Alipofika mwisho, kalamu ilikuwa imegusa chupa mia mbili na kumi na tatu.

Akaanza upya, safari hii kutoka ncha ya pili. Mia mbili na kumi na tatu.

"Ukihesabu ukapungukiwa, unajua una mwizi," anasema, sauti imeshuka. "Ukihesabu ukazidi, je? Nani kaja usiku kuniongezea? Nilihisi kuna mtu chumbani, amejipanga mstarini na wenzake, ananitazama nimtambue."

Akamtambua. Rafu ya pili, kati ya namba themanini na saba na themanini na nane, ilisimama chupa ndogo ya kahawia, safi, imepanguswa ikang'aa. Haikuwa na karatasi. Ndani mlikuwa na unga wa manjano, mkavu. Shingoni, pale kifuniko kinapokutana na kioo, ziliota chenga za manjano zinazometameta kama chembe za sukari.

Hakuigusa. Alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni, akamkuta dada wa usafi anapita na ndoo.

"Mwanangu, ile chupa ndogo rafu ya pili unaijua?"

"Ee, mama! Nilitaka nikufurahishe. Tulipovuta lile kabati kubwa, kumbe nyuma yake ukutani kuna kishimo, nayo imo, imejaa buibui. Nikaisugua vizuri, nikakuwekea na wenzake."

"Uliisugua?"

"Na kifuniko nilitaka kukifungua nikioshe. Kikanigomea. Nikasema ngoja nitafute koleo, kumbe yule fundi rangi kaondoka nalo."

Mama anasema alimshika yule dada mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama kiganja na mgongo, kidole kwa kidole. Vyote kumi vipo. "Akaniuliza, mama, mbona unalia? Nikamwambia asiingie mle ndani tena."

Alikwenda kabati la ofisini, akatoa daftari la mtunza wa kwanza, mzee mwembamba ambaye alimsikia tu kwa sifa. Kati ya mzee yule na yeye ilipita miaka mitano shule ikiwa haina mtunza. Mstari aliupata bila kuhangaika, maana aliwahi kuusoma. Kwa wino wa bluu, herufi zimelala upande, mzee ameandika: Asidi pikriki. Iongezwe maji kila Januari. Isikauke.

Pembeni kuna alama za vema. Januari moja, vema. Januari ya pili, vema. Zinakwenda hivyo mpaka kumi na moja. Baada ya hapo mistari ipo, lakini ni mitupu.

"Ikiwa na maji, hiyo ni dawa kama nyingine, walimu wa zamani waliitumia kwenye majaribio," anaeleza. "Ikikauka inageuka baruti. Haihitaji hata kiberiti. Ukiitikisa, ukisugua zile chenga kwa kuzungusha kifuniko, imekuchukua. Yule mzee aliificha ukutani wanafunzi wasiifikie, akawa anainywesha kila mwaka kama mtu na mtoto wake. Alipoondoka, hakuna aliyejua kuna mtoto ndani ya ukuta. Miaka ishirini na sita ana kiu."

Na chini ya mistari ile mitupu kulikuwa na neno moja, kwa mwandiko mwingine. Mwandiko wake mwenyewe, wa mwaka wake wa kwanza kazini: Haipo.

"Niliitafuta nusu saa tu, sikuiona, nikaandika haipo," anasema. "Hilo ni kosa langu, si la dada wa usafi wala la fundi rangi. Sikuwa na haki ya neno lile. Nilitakiwa niandike sijaiona."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Mtihani ulikuwa saa tatu, na watahiniwa arobaini na wawili walishaanza kusogea mlangoni. Mama aliufunga, akauegemea mgongo, akamtuma dada wa usafi amwite mwalimu mkuu.

"Mama, chupa moja tu?" mkuu alishangaa. "Si aibebe mlinzi akaitupe kule shimoni?"

"Mkuu, hakuna wa kuibeba."

"Mtihani huu si wangu wala wako. Ukiufunga mlango, utaandika barua ya kujieleza, na inaweza kuwa barua yako ya mwisho hapa."

"Nitaiandika, mwalimu. Nitaiandika nikiwa kule langoni, na watoto wakiwa kule langoni. Na wewe njoo huko tuelewane, nikupe na karatasi usaini kwamba nilikuonya."

Mkuu alimtazama, akautazama mlango. Anakiri leo kwamba ni ule ukimya wake mbele ya watoto uliomshinda. "Mama huyu ni mtu wa maneno," anasema. "Siku ile hakutega kitendawili. Watoto walimngoja atege, hakutega. Hapo nikaenda kupiga kengele."

Shule ilihamia nje ya lango. Simu zikapigwa. Mafundi wa mabomu walifika saa sita mchana, wawili, na mkubwa wao alipochungulia dirishani kwa darubini alimuuliza mama swali moja: nani ameigusa? Alipoambiwa imesuguliwa kwa kitambaa, alivua kofia akajipangusa uso.

Walifanya kazi kwa saa mbili na dakika kumi. Waliilowanisha kwanza kutoka mbali, wakailaza kwenye sanduku la mchanga, wakaibeba kwa mwendo wa bibi harusi hadi mwisho wa shamba la shule ili wailipue huko. Wanafunzi mia sita walingoja nje ya lango. Kisha ardhi ikapiga kifua mara moja, ndege wote wakaruka, na vioo vitano vya jengo la mbali vikapasuka.

Ilikuwa chupa inayoenea kiganjani.

Dada wa usafi alikaa chini palepale vumbini. "Koleo," alisema. "Mama, koleo." Mpaka leo hasemi zaidi ya hapo, na yule fundi rangi analetewa naye chai kila akipita.

Mtihani ulifanyika siku nne baadaye. Barua ya kujieleza mama aliiandika kweli, ukurasa mmoja, na sehemu kubwa ya ukurasa huo alilieleza lile neno lake moja. Mkuu hakuipeleka popote. Ameiweka kwenye fremu, imetundikwa ndani ya mlango wa maabara.

Kwenye rafu ya pili, kati ya themanini na saba na themanini na nane, kuna nafasi ya duara ambayo mama haruhusu ijazwe. Kila asubuhi kalamu yake inasimama hapo kitambo kabla ya kuendelea. Katika daftari jipya, neno haipo limepigwa marufuku.

Amebakiza miaka miwili astaafu. Hataki sherehe. Anataka kwanza kumpata wa kumrithi, amkabidhi daftari ana kwa ana, mstari kwa mstari, isipite hata Januari moja katikati. Na kabla ya hapo anataka kuzifikia shule saba za jirani, Jumamosi moja shule moja, kwa nauli yake na kitambaa chake cha bluu, ahesabu chupa zao pamoja nao.

Jumamosi hii ni zamu ya shule ya kwanza. Mtunza wake, kijana mchangamfu, anampokea na funguo mkononi.

"Karibu, mama. Sisi hatuna nyingi, ni kama sabini hivi."

"Kama?"

Kijana anacheka, anapekua daftari kuukuu lililochanika jalada. Mama anaweka kidole kwenye mstari mmoja katikati ya ukurasa. Wino wa zamani, na pembeni alama za vema, zinazofuatana vizuri mpaka zinapokatika.

"Na hii iko wapi?"

"Aa, hiyo haipo."

"Haipo, mwanangu, au hujaiona?"

Kijana anaunyoosha ufunguo kuelekea mlango wa maabara. Mama anamwomba ashushe mkono wenye funguo, anakaza kitambaa chake, na taratibu anainama hadi kwenye tundu la mlango.