Mwiko wa Somo Yangu

Nyama ya nguruwe huingia nyumbani kwangu chini ya mchicha. Ndivyo ilivyo tangu tuanze kupanga hapa Mjambere, na hakuna aliyeniamuru. Bucha yenyewe iko mbali, kwenye njia ya kwendea Mwakirunge. Mwenye bucha huifunga nyama kwa magazeti, mimi naitia kikapuni, na juu yake nalaza mafungu mawili ya mchicha. Wapangaji wote wanajua. Watoto wanajua. Nikipita uani na kikapu changu, somo yangu huinua macho kwenye sinia yake ya mchele akasema, "Mchicha wa leo mzito, somo. Pole." Namjibu kwamba umenyeshewa na mvua, na maneno yamekwisha.

Namwita somo kwa sababu jina letu ni moja. Mimi nililipata kwa ubatizo kule kwetu Kaloleni, yeye alilipata kwa akika yake, akiwa na siku saba, na yeye husema lake ndilo la asili na langu ni la kuazima. Tumeishi mlango kwa mlango miaka mingi: ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Watoto wetu walikua wakila popote walipokikuta chakula. Sharti letu lilikuwa moja tu, na nililiweka mwenyewe wiki ya kwanza kabla hajafungua kinywa. Sufuria yangu ya nguruwe ina alama ya rangi nyekundu, haivuki kizingiti, haioshewi bombani, na siku ikipanda jikoni hakuna sahani itakayotoka kwangu kwenda kwake. Siku nyingine zote yeye hula kwangu bila kuuliza. Wako watu wanaokula kwako huku wananusa kijiko. Somo hakuwahi kunusa. Mimi si mtu wa kujisifu, lakini kwa hilo nilijisifu, tena kanisani, mbele ya kina mama wenzangu.

Sasa, chungu. Binti yetu anafanya kazi Nairobi, na Krismasi iliyopita alikuja na chungu cha umeme: chungu kizito cha kufinyangwa kimekaa ndani ya gamba la bati, na kifuniko cha kioo. Unatia nyama, unakiwasha, unakwenda zako. Kinapika polepole kutwa nzima mpaka nyama inaachana na mfupa yenyewe. Binti alikuwa amemfikiria babake. Mume wangu alichimba mawe maisha yake yote, na magego yake yalimaliza kazi kabla ya hamu yake. Anapenda nguruwe tangu utotoni, walipokuwa wakiwatega wale wa mwituni waliokuja kuwamalizia mahindi, na miaka hii alikuwa ameanza kuinyonya nyama na kuiweka pembeni mwa sahani kwa heshima, nisione. Niliona. Iliniuma.

Alikizunguka chungu kile mara mbili. "Hakichemki," akasema. "Hiki chapika, ama chapasha maji ya kuoga?"

Mara ya kwanza kilitushinda kwa sababu yake. Kila alipopita alifunua kifuniko kutazama, na kila alipofunua, joto lote likamrukia usoni likaenda zake. Jioni nyama ilikuwa ngumu kama ndala. Binti aliponisikia kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Mama, hicho chungu hakitaki kuchunguliwa. Mwambie baba kifuniko si dirisha."

Basi mara ya pili nilijipanga. Ilikuwa Jumamosi. Nilinunua bega zima, lenye mafuta yake, nikalisugua chumvi, pilipili manga, thomu, tangawizi, sukari guru kidogo, na bizari ya pilau. Bizari ile alikuwa ameisaga somo yangu kwa mkono wake akanigawia kibakuli, kama kawaida. Adhana ya alfajiri ilipoanza, yeye alikuwa anatia udhu bombani nami nawasha chungu. Kila mtu na ibada yake. Nikamwamuru mume wangu asikaribie jikoni, nikaweka kiti mlangoni kama kizuizi.

Kufikia saa tatu harufu ilikuwa imejaa ua mzima. Somo alikuwa anaanika nguo. Akasimama, shuka mkononi, akanusa hewani.

"Somo, hiyo ni bizari yangu?"

"Ni yako."

"Ya rabbi! Bizari yangu imeritadi leo."

Tulicheka mpaka mpangaji wa chumba cha mwisho akachungulia kutuuliza kuna nini. Nilirudi jikoni nikiwa na furaha, na mtu mwenye furaha hatazami mikono yake inashika nini.

Saa nne ilikuwa saa ya kutia ukwaju. Binti alikuwa amenipigia kunielekeza, simu nimeibana kati ya sikio na bega, bakuli la ukwaju mkono wa kushoto. "Fungua haraka, mwaga, geuza nyama mara moja, funika," akasema. Mkono wa kulia ukanyakua kilichokuwa karibu, kwenye dirisha la jikoni. Nikazamisha, nikageuza bega, nikakoroga mchuzi mara mbili, nikafunika. Ndipo nikatazama nilichoshika.

Kilikuwa mwiko wa somo yangu. Nilikuwa nimeuazima Alhamisi, kina mama wa jumuiya walipokuja kwangu nikapika wali wa sufuria kubwa. Nilikwisha kuuosha, nikausimamisha dirishani ukauke nimrudishie. Na haukuwa mwiko wa kununua juzi sokoni. Ulikuwa wa marehemu mamake, mrefu, mweusi kwa uzee, umelika upande mmoja kwa miaka ya kukwangua ukoko. Mafuta ya nguruwe yalikuwa yanatiririka juu yake mpaka kwenye vidole vyangu.

"Mama? Umefunika?" Binti bado alikuwa kwenye simu. Nikamwambia nimefunika, nikakata.

Tazama lugha yetu ilivyotega mtego. Mwiko wa kupikia na mwiko wa kukatazwa ni neno moja, na mimi nilikuwa nimeshika yote mawili kwa mkono mmoja.

Niliuosha. Niliuosha kwa sabuni, nikaumwagia maji ya moto, nikausugua kwa majivu, nikaunusa. Ulinuka sabuni. Mtu yeyote angeupokea. Mume wangu, ambaye alikuwa ameruka kile kiti kuja kuona kwa nini nalaani peke yangu, alinisikiliza akatikisa kichwa. "Mrudishie," akasema. "Usilolijua ni usiku wa kiza. Mwache alale."

Sitamsingizia yeye peke yake, maana nami nilikuwa nimekwisha kufika hapo kabla yake. Nilipanga hata maneno: ahsante, somo, samahani nimechelewa nao. Nilipanga pia uongo wa pili, wa akiba: kwamba umevunjika, nitakununulia mwingine. Lakini kila niliposhika mlango nilimwona anapikia wali kwa mwiko ule, anajipakulia, anasema bismillahi. Angelishwa nilichomwahidi sitamlisha, na angelishwa na mimi. Na upande wa pili nilikuwa na hofu nyingine, kubwa vilevile. Kama nikimwambia, je? Mamake amekufa, mwiko ndio aliomwachia. Angesema si neno, maana ni mtu wa adabu. Halafu siku moja ningempelekea sahani ya samaki, angeishika, angesita kidogo, na angenusa kijiko. Nisingeweza kuvumilia. Heri anitukane.

Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Kupitia dirishani nilimwona ameketi kwenye baraza yake na sinia ya mchele, anachagua. Mchele gani ule usiokwisha, nilijiuliza, mtu mwepesi kama yeye. Saa saba bado alikuwa hapo hapo na jiko lake halijawashwa. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuwa amekuja kudai mwiko wake.

Saa nane chungu kilikuwa tayari. Nilichomeka uma mbili kwenye lile bega na sikuhitaji nguvu yoyote. Likaachia. Nyama ilinyambuka nyuzi nyuzi, laini, nyekundu kwa ukwaju, mchuzi wake mzito unang'aa. Nilimpasulia mume wangu boflo la mkate katikati nikalijaza nyama. Aliuma, akafumba macho, akatafuna kwa ufizi na kwa yale meno machache ya mbele, akameza. Hakuweka chochote pembeni mwa sahani. Akaniambia, "Mama, nimekula nyama." Alisema vile tu, na machozi yalimlengalenga, na mimi niliyekuwa nimeingoja saa hiyo miezi mingapi sijui nilitazama tonge langu. Nililirudisha sahanini.

Nikanawa mikono mpaka viwiko. Nikachukua mwiko, nikavuka ua.

"Hodi, somo."

"Karibu, somo."

Hakuinuka. Nilisimama chini ya baraza na mwiko nimeushika kwa mikono miwili. Yale maneno niliyoyapanga yote yalinikimbia, nikasema yaliyobaki. "Nimeukorogea nguruwe. Sikukusudia. Nilikuwa kwenye simu. Nimeuosha lakini najua kuosha kwangu si kuosha kwenu. Ni wa mama, najua. Nitalipa chochote. Nikasirikie tu, usininyamazie."

Somo yangu aliutazama mwiko, akanitazama mimi. Mdomo wake ulianza kutetemeka na nilidhani analia. Kumbe anashikilia kicheko. Kikamshinda. Alicheka mpaka mchele ukamwagika.

"Wallahi, somo! Watu huvunja mwiko mara moja. Wewe wavunja mwiko kwa mwiko!"

"Usinicheke."

"Nisikucheke? Utazame uso wako. Wadhani umemchinja mama?" Akashuka kutoka barazani akijipangusa macho kwa ncha ya leso. "Kuna dawa yake. Tulifundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo, na mie nalipigwa kwa kuisahau, kwa hivyo siisahau tena. Mara saba kwa maji, na moja kati ya hizo iwe na udongo. Leta ndoo."

Nilileta ndoo. Tukaenda nyuma ya ua, penye mfereji, tukachutama kama wasichana wanaoosha vyombo vya harusi. Yeye alichota udongo safi, akauchanganya na maji kwenye kopo, akaupaka mwiko wote, kichwa na mpini. Mimi nilikuwa mmwagaji. Alinipa pia kazi ya kuhesabu, na hapo alikosea. Nilifika nne, akaniuliza hii ni ya ngapi, nikasema tano, akasema ya nne, nikasema basi ni ya nne, akasema huna hakika, tukaanza upya. Mume wangu alitokea mlangoni na boflo lake la pili, akatuona, akarudi ndani bila kuuliza.

Mara ya pili nilihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Moja, ile ya udongo. Mbili. Tatu. Maji yalianza kutoka meupe. Nne. Tano. Nikajisikia mwepesi, nikaanza kumsimulia jinsi nyama ilivyonyambuka, na jinsi mzee alivyoila yote. Akafurahi kwa dhati. Akasema alhamdulillahi, mtu mzima asipotafuna hata usingizi haumkai vizuri. Sita. Nikamwambia pia, kwa kuwa sasa nilikuwa jasiri, kwamba nilikaribia kumrudishia mwiko na sabuni yake na kunyamaza.

"Najua," akasema.

"Wajuaje?"

"Nalikuona. Saa nne, dirishani kwako. Nilikuwa kwenye kamba na shuka zangu. Nalikuona wakoroga, nikakuona umesimama, nikakuona waosha." Alisema huku anaugeuza mwiko chini ya maji, hakuniangalia. "Nikaketi barazani. Nikasema leo sipiki mpaka nione. Mchele ule nimeuchagua mara tatu, hauna hata kijiwe."

Saba. Nilimaliza kumwaga na kopo likabaki limeinama mkononi mwangu. Muda wa saa nne nzima. Kwa muda huo wote mwanamke huyu alikuwa ameketi na njaa yake hatua ishirini kutoka kwangu, anangoja, na mimi nilikuwa ndani natunga uongo wa akiba.

"Na kama nisingekuja?" nikamuuliza.

Aliukung'uta mwiko, akauinua juani kuutazama.

"Mwiko ungalitakasika. Una saba zake na udongo wake. Wewe ningalikuosha na nini?"

Niliuchukua mwiko mkononi mwake, nikachota maji, nikauosha mara ya nane.