Nyumba Niliyonunua kwa Wivu

Mimi ndiye yule mtu aliyemkaribisha baba mkwe nyumbani, paa likaondoka, na msianze kucheka sasa, maana hata mke wangu huanza hapo hapo akashindwa kumaliza hadithi.

Chanzo ni wivu, sitauzunguka. Mwanyumba wangu Lushinge (yeye kamwoa dada, mimi nimemwoa mdogo mtu) alikuwa na nyumba mbili za kupangisha karibu na stesheni ya Shinyanga, zimejaa makarani wa pamba na vijana wanaopita kwenda kutafuta kazi ya almasi Mwadui, na kila mwisho wa mwezi anapita mtaani na kanzu nyeupe kukusanya kodi, mimi nimejaa nyuzi za pamba kichwani kwa kubeba marobota kiwandani tangu alfajiri. Mke wangu hakunisema. Alikuwa anasema tu, "Dada kanunua cherehani," halafu ananyamaza, na kunyamaza kule kulinichoma kuliko matusi.

Basi siku moja napita nyuma ya soko, namwona Lushinge juu ya ngazi kwenye nyumba ya Mzee Saidi, mfanyabiashara aliyekuwa anajiandaa kurudi kwao Ujiji. Anagonga bati kwa kidole, anasikiliza, anaitikia kwa kichwa. Sasa mimi mambo ya kukagua nyumba sikuyajua hata kidogo, wapangaji wanalipa nini, wamekaa tangu lini, ukuta umeliwa na mchwa au la, hayo sikuwa nayo. Ujuzi wangu wote ulikuwa kumwangalia Lushinge anapenda nini. Nikasema moyoni, hii hapati. Jioni ile ile nikaenda kwa Mzee Saidi, shikamoo ikiwa bado mdomoni nikamwambia nitauza ng'ombe wote alioniachia marehemu baba nimlipe taslimu. Akataja bei ndogo mpaka nikashangaa.

"Ila, mwanangu," akaanza, "hayo mabati..."

"Mabati nimeyaona, mzee," nikamkata. "Nimeyapenda." (Niliogopa akiyasifu atapandisha bei, ndiyo akili niliyokuwa nayo.)

Jumapili iliyofuata nikafanya karamu ndani ya nyumba yangu mpya. Nikawaita wakwe, majirani, wapangaji, watu wote isipokuwa Lushinge, na mke wangu nikamkataza kumwambia dada yake, maana nilitaka habari imfikie mitaani imuume vizuri. Tukala wali na mbuzi pale ukumbini, nikasimama, naeleza jinsi mtu mwerevu anavyochagua nyumba, mara tukasikia msumari unalia juu, bati likanyanyuliwa, na jua likapiga moja kwa moja kwenye kipara cha baba mkwe. Katika lile tundu ukatokea uso wa Lushinge.

"Shikamoo, baba," akasema, maana adabu hakuwahi kuikosa.

"Marahaba," mkwe akajibu, amekinga macho kwa mkono. "Unafanya nini huko?"

"Nachukua mabati yangu, baba. Niliyanunua kwa Mzee Saidi, naezekea nyumba yangu ya tatu. Na nyie humo mnafanya nini?"

Wote waliniangalia mimi.

Mzee Saidi akaitwa. Akaja taratibu, akaniambia, "Baba Kabula, nilianza kukueleza, ukasema umeyaona. Nikajua unazo habari." Mshona viatu wa chumba cha nyuma alikuwa ameshatoa godoro lake nje, akauliza mwenye nyumba ni yupi kati yetu, ili mvua ikija ajue pa kwenda kulia.

Ng'ombe wamekwisha, jamani, na bila paa wapangaji wangehama siku hiyo hiyo, nibaki na kuta za udongo zikingoja masika. Mkwe ndiye aliyeamua. "Lushinge, rudisha bati. Baba Kabula, utampa mwenzako kodi ya paa kila mwezi, mpaka upate lako." Lushinge akakubali kwa upole, bila hata kutabasamu. Nilimchukia siku ile kuliko siku zote, maana angenicheka ningepata pa kushika.

Tangu hapo nimeapa kumwacha muuzaji amalize sentensi yake, hata kama ana kigugumizi. Kodi naipokea vyumbani, naigawa, naipeleka kwa Lushinge na kofia mkononi. Wivu haujaisha, nisiwadanganye. Masika yakianza wenzangu wanashukuru kwa mashamba yao, na mimi nimelala chumba cha mbele, ndani ya nyumba yangu, nasikiliza mvua inavyogonga mabati ya Lushinge.