Gauni ya Miss, kuipunguza mara ya tatu

Leo bibi mumoja kutoka Goma ameniuliza swali, na tangu hapo sijagusa cherehani.

Munajua mi ni fundi wa nguo hapa Gisenyi. Iko binti mumoja, Diane, anajiandaa kwa shindano la urembo. Gauni yake nimeshaipunguza mara mbili.

Kila wiki anakuja, namupima kiuno, namusomea namba. Ikishuka tunapiga makofi. Bon, ndiyo kazi.

Leo amekuja na koko yake, yule bibi. Amevuka mupaka asubuhi na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye bakuli, kwa sababu hajamuona mujukuu tangu Noeli.

Diane akavua koti.

Koko akamushika mukono, akauzungushia vidole viwili. Vidole vikakutana.

"Mwanangu, ni ugonjwa gani? Sema tu, tutakutibisha."

"Si ugonjwa, koko. Imebaki sentimita mbili."

"Sentimita za nini?"

Diane akaniangalia, ati mi ndiye nijibu.

Koko akanigeukia, bila hasira kabisa. "Na we unamupima kila wiki. Hukuona kitu?"

Niliona. Niliona gauni inamukaa muzuri.

Wameondoka, sombe wameisahau mezani kwangu.

Saa hii Diane ameniandikia: "Mama Aline, kesho nakuja unipime tena, koko atakuwa amerudi Goma."

Niambieni nimujibu nini. Futi yangu ya kupimia nimeificha chini ya vitambaa. Lakini mujini humu fundi si mi peke yangu.