Homa Tuliyoibeba Hadi Mwanza

Tulitoka Bariadi Jumatatu alfajiri kwa sababu mama alikuwa na miadi Mwanza, dozi ya pili ya dawa za saratani ya titi. Mimi ndiye mtoto mwenye digrii na asiye na kazi, kwa hiyo kumsindikiza kukawa kazi yangu. Kwenye begi niliweka kadi ya kliniki, kanga mbili, ndimu, mifuko ya kutapikia na kipimajoto.

Stendi, nilipomshika mkono apande basi, niliuona wa moto. Daktari alikuwa ametuonya: dawa hizi hupunguza kinga, homa yoyote isemwe haraka. Nikatoa kipimajoto.

"Kabula, mimi ni sufuria ya uji?" mama akaniuliza. "Rudisha hicho kidude."

"Mkono wako unachoma, mama."

"Nimetoka kushika kikombe cha chai. Chuo kikuu ulisomea kuogopa?"

Asubuhi hiyo hakunywa chai.

Tulipopita Dutwa, pamba ilikuwa imepasuka mashambani, nami sikuiona vizuri. Nikisema, watamnyima dozi, uvimbe utakua. Nisiposema, dozi yenyewe huenda ikamuua. Labda ni malaria tu. Labda ni mkono wangu ulio baridi. Nilijigusa shavu mara ngapi sijui.

Basi liliposimama Lamadi, mama mdogo, anayeuza dagaa pale, alitujia dirishani.

"Mwangaluka, dada! Mhola?"

"Mhola duhu," mama akajibu, kwamba kwema tu, huku meno yakigongana. Kwetu Wasukuma salamu hiyo ina jibu moja, hata nyumba ikiungua.

"Na hicho kilemba! Unafanana na mke wa mbunge."

Wakacheka. Mimi nilipokea mfuko wa dagaa, nikausukuma chini ya kiti.

Mwanza tulifika kabla ya saa tano. Nesi alimkalisha mama, akauliza kwa upole, "Habari za tangu siku ile? Homa? Kutapika?"

"Nzuri tu, mwanangu. Hakuna."

Mama akaanza kukunja mkono wa gauni, tayari kwa sindano. Sikuwa nimewahi kumpinga mama mbele ya mtu.

"Ana homa," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Tangu Bariadi."

Mama alinitazama kama niliyemvua nguo hadharani. Walimpima: thelathini na nane na nusu. Damu ikaonyesha kinga imeshuka sana. Dozi ikaahirishwa, akalazwa, akawekewa dripu ya dawa za maambukizi.

Kesho yake mchana aliniita kitandani.

"Niliogopa wakiturudisha nyumbani," alisema akiangalia dripu, "sitapata tena moyo wa kuja."

Ijumaa homa ilikuwa imeisha, tukarudi. Karibu na kwetu jirani akatusalimia, "Mwadila! Mhola?"

Mama akasimama. "Mhola kidogo. Mdomo una vidonda, na ile dawa naiogopa."

 Jirani akatua ndoo yake, akanipokea begi, akatusindikiza hadi mlangoni.

Nilichojifunza safari ile ni kidogo. Kipimajoto sasa kinakaa kando ya kioo, na mama hunitajia namba kabla sijauliza. Jumatatu tunaondoka tena. Leo asubuhi ameniuliza nimeamkaje. Nikaanza kusema mhola, akanikazia macho.

"Naogopa, mama."

"Haya," akasema. "Sasa panga begi."