Lami ya Kuanikia Michembe

Mimi lami naijua kwa makalio. Niliikalia siku mbili, na siku ya pili nikausimamisha msafara wa magari saba.

Lami yenyewe ilichepuka kutoka barabara kuu, ikanyooka mpaka kwenye geti la shamba la ng'ombe la mheshimiwa mmoja, ikaishia hapo. Ina taa, ina mistari myeupe ya kuvukia watu, na watu hakuna. Watu tuko upande wa pili, kwenye njia ya zahanati, yenye korongo tuliloliombea kalvati kila kikao tukajibiwa bajeti ya barabara imekwisha. Tuliiona ilikokwenda.

Lakini nisiinyime sifa yake. Lami ile inakausha. Viazi vya michembe nilivyozoea kuvikata na kuvianika juu ya mwamba siku nne, pale siku mbili vinagongana kama kokoto. Kinamama wote tukahamia, kila mmoja na kipande chake. Mimi kwa ukubwa wangu nikachukua penye mistari myeupe, panapendeza.

Mwaka huo mvua hazikutaka kuisha, na siku hiyo ya pili mjukuu wangu alikuwa anaondoka kesho yake kwenda chuo cha uuguzi Geita. Wa kwanza kwetu. Mimi niliishia darasa la tatu. Huyu anakwenda kuvaa gauni jeupe achome watu sindano. Nilimwahidi gunia la michembe, asilale njaa ugenini. Michembe ukiifunga mbichi inaota ukungu, na yangu ilibakiza jua la mchana mmoja tu.

Ndipo mtendaji wa kijiji akaja na pikipiki, akasema tuzoe haraka, mgeni rasmi anakuja kuzindua barabara. Wenzangu wakazoa. Mimi nikakaa.

Magari yakafika, yakasimama. Mgeni akashuka mwenyewe, mnene, mwenye adabu, kamera nyuma yake. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia. Akauliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote, barabara hii imenisaidia nini.

"Imenisaidia sana, baba. Inakausha kuliko mwamba. Ila michembe usiikanyage, ya mwanafunzi hiyo, bado kidogo."

Kinamama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mjukuu wangu alijifunika kanga usoni kwa aibu, mabega yakimtikisika. Mgeni mwenyewe midomo ilimcheza. Mbele ya kamera nani asage chakula cha mwanafunzi? Mtendaji, jasho linamtiririka, akamnong'oneza kwamba ipo njia ya zamani, inazunguka kidogo tu, inatokea getini. Wakageuza.

Njia ya zamani ndiyo yenye korongo.

Hatukungoja kuitwa. Tulilikuta gari la mgeni limelala kwenye tope kama kiboko, na yeye kando, viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini. Tukasukuma wote, tukiimba wimbo wetu wa kulimia, matope mpaka kwenye meno. Nilicheka hadi nguvu zikaniishia, nikaegemea gari nikaendelea kucheka.

"Bibi," akasema, "hapa panataka kalvati."

"Wabeja, baba," nikamshukuru. "Sisi tulikuwa tunasema kwa mdomo. Wewe umeona kwa miguu."

Kalvati sijaliona bado. Utepe waliukata jua limeshainama, nasikia walipiga makofi. Mimi sikuwepo, nilikuwa nashona mdomo wa gunia, na kila nilipolitikisa, lilikuwa linalia kokoto, kokoto.